Askari wa Udongo wa Bwana Kanyoni

Mjukuu wangu anaishi Nairobi na ana meza moja ambayo hakuna mtu anayeruhusiwa kuweka kikombe juu yake. Nilipokwenda kukaa kwao wakati wa matibabu ya macho, niliikuta imejaa vijiaskari, kila kimoja si kirefu kuliko kidole gumba, na yeye, mtu mzima mwenye ndevu na mshahara, amejifunga taa kichwani akimpaka mmoja rangi kwenye kola ya koti. Akaniambia ni vita vya Wazungu wa zamani, na kwamba yeye na wenzake hukutana Jumapili wakavipigana upya mpaka jioni, halafu wakala nyama. Sikumsikiliza. Alikuwa amefungua chupa ya tapentaini kusafishia brashi, na ile harufu iliponifika nikajikuta nimeshika ukuta. "Cucu, ni presha?" akaniuliza, maana kwetu bibi huitwa Cucu. Nikamwambia ndiyo, ni presha. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi kama mtu aliyefukuzwa.

Ninyi wa rika langu ndio ninaowaandikia, ninyi mlioikuta ile Hali ya Hatari mkiwa bado na meno ya utoto. Hawa vijana nikiwasimulia watasema bibi anatunga. Ninyi mnajua. Mnajua tulivyoondolewa kwenye maboma yetu yaliyotawanyika mabondeni tukasongwa katika kijiji kimoja, nyumba imegusana na nyumba, ukikohoa jirani anakupa pole. Mnakumbuka ule mtaro wa kuzunguka, wenye vijiti vilivyochongwa ncha, na daraja moja tu la mbao, na filimbi ya kafyu. Kijiji chetu kilikuwa juu ya Runyenjes, upande unaotazama mlima, na kituo cha mahomgadi, wenzetu weusi waliopewa silaha na Wazungu watulinde, kilikuwa pale pale kando ya daraja, na bendera yake na mnara wake wa magogo.

Nyumbani tulikuwa watatu: Mama, mimi, na Cucu, mama yake Baba. Baba alikuwa amekwenda Timau kutafuta kazi kwenye mashamba ya ngano ya Wazungu. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kusema, na nilisema vizuri sana, hata nikaongeza kwamba Timau kuna baridi. Lakini nilijua yuko msituni na wapiganaji. Hakuna aliyeniambia. Nilijua kwa sababu Mama alipotazama mlima hakuutazama kama watu wengine, aliutazama kama mtu anayemsubiri mgonjwa atoke kwa daktari.

Cucu alikuwa mfinyanzi. Alizaliwa chini huko Mbeere ambako wanawake wanajua udongo, akaolewa juu huku akaja na ujuzi wake. Na kwetu, kwa ambao mmesahau, kazi ya chungu ni ya wanawake watupu. Mwanamume hachimbi udongo wa chungu, hasogelei shimo lake, hapiti karibu wakati vyungu vinapochomwa. Akikanyaga mle shimoni, vyungu vyote vya udongo ule vitapasuka motoni. Hilo halikuwa jambo la kujadili. Hata wanaume waliokuwa wamebatizwa na kusoma mpaka darasa la nane walikuwa wakizunguka mbali.

Mimi nilikuwa nikichukua makombo ya udongo wa Cucu natengeneza watu. Wenzangu walitengeneza ng'ombe na mbuzi, mimi nilipenda watu. Siku moja tulipeleka mitungi ya maji kituoni, nami nilikuwa nimeshika homgadi niliyemfinyanga, ana tumbo, ana mkanda chini ya tumbo, na mwiba wa mgunga ndio mkuki wake. Nthiga, homgadi aliyekuwa mlangoni, alimtazama yule wa udongo akacheka, kwa sababu tumbo lile lilikuwa lake. Kicheko chake kikamtoa ofisini yule Mzungu aliyekuwa akikitawala kituo.

Tulimwita Kanyoni, yaani kidege, kwa kuwa alipenda kupiga mluzi. Jina lake halisi silijui na silitafuti. Alikuwa kijana mwembamba, shingo yake imeungua na jua. Alimchukua yule homgadi wangu, akamgeuza, akampima kwenye kidole gumba chake.

"Nani nafanya hii?" akauliza kwa kile Kiswahili chao.

Mimi Kiswahili sikukijua wakati huo. Aliyetutafsiria kwa Kiembu alikuwa karani mmoja anaitwa Ephantus, mtu wa maskhara, amevaa soksi ndefu hata siku za joto. "Ni huyu mtoto, Bwana," Ephantus akajibu.

Tukaingizwa ndani, Cucu na mimi, tukadhani tumekosa. Kumbe tunaonyeshwa meza. Ilikuwa milango miwili imelazwa juu ya magogo, na juu yake kulikuwa na nchi. Sijui nisemeje vinginevyo. Kulikuwa na vilima vya plasta, msitu wa kuvu na vijiti, mto uliopakwa rangi ya samawati, na upande mmoja mlima mkubwa wenye kilele cheupe. Upande wa pili wamesimama askari wa risasi iliyoyeyushwa, wa makoti mekundu, wengi, kwa mistari, kila mmoja na bunduki na vifungo. Nilisahau kuogopa. Sikuwa nimewahi kuona kitu kizuri kama kile, na mpaka leo sina hakika kama nimewahi tena.

Shida ya Bwana Kanyoni, Ephantus akatueleza, ni kwamba sanduku la pili lilipotelea njiani likitoka kwao. Sanduku hilo ndilo lililokuwa na maadui. Sasa ana jeshi lake lote na hana wa kupigana nao. Mimi nilidhani maadui ndio kitu ambacho Bwana Kanyoni hawezi kupungukiwa. Akafungua kitabu akatuonyesha picha: wanaume wa makoti ya buluu na kofia ndefu kama mizinga ya nyuki. Je, mama mzee na mtoto wanaweza kumfinyangia hawa?

Cucu aliinamia ile picha. Halafu akasema inawezekana, ila udongo wa kazi ndogo namna hiyo haupatikani kijijini. Upo chini, kando ya Mto Thuci, na ni lazima uchimbwe mbichi kila mara, mara mbili kwa wiki. Na kule shimoni asije mwanamume, la sivyo askari wote watapasuka. Ephantus alitafsiri akicheka. Bwana Kanyoni naye akacheka, akaandika kibali pale pale.

Tulipomweleza Mama, alikaa chini kwenye kigoda, akashika kichwa, akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka. Nilijua ni kwa sababu ya chumvi, maana tulikuwa tumeahidiwa chumvi na sukari. Mama alipenda sukari.

Basi tukawa wateremkaji. Mara mbili kwa wiki mimi na Cucu tulivuka lile daraja wakati wenzetu wanachimba mtaro, Nthiga anatufuata na bunduki yake, kwa kuwa hakuna aliyetoka bila mlinzi. Tukifika kwenye mti mmoja wa mringa juu ya mto, Nthiga anasimama na kutupa mgongo, anatazama alikotoka. Angeweza kutufuata, hakuna ambaye angemzuia. Lakini alikuwa Muembu. "Mama yangu bado anapikia chungu," aliniambia siku moja. "Sitaki lawama."

Shimo lenyewe lilikuwa kama pango fupi ukingoni, linanuka mvua. Cucu alikuwa na kiondo kikubwa mgongoni, kizito tangu nyumbani, na mle shimoni alikuwa akitoa viazi vitamu na mahindi ya kuchemsha na mara moja kipande cha nyama, vimefungwa kwa majani ya mgomba. Anavisukuma ndani kabisa, anafukia kwa vijiti.

"Ni vya nani?" nilimuuliza.

"Udongo nao hula," akasema. "Unafikiri unachukua tu bila kurudisha? Na usimwambie mtu, mambo ya udongo hayasemwi."

Mimi nikaridhika. Kila kitu kilikuwa kikila siku hizo ila sisi. Nilimwona Mama akigawanya kiazi kimoja mara tatu halafu asile kipande chake, na kiondo cha udongo kinajaa, nikaona udongo una bahati. Wivu nilikuwa nao, sikatai.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu kuliko tulivyodhani. Mguu mwembamba unapasuka. Cucu akatwanga vigae vya chungu cha zamani, akachekecha, akachanganya na udongo, ndipo miguu ikashika. Bunduki haziwezekani kwa udongo, kwa hiyo tulitoboa mikono ikiwa mibichi, na baada ya kuchoma tunachomeka miiba. Tuliwachoma ndani ya chungu kilichofunikwa kwa kigae, katikati ya vyungu vya kawaida vya udongo ule ule. Siku nyingine vyungu vile vya kawaida vilipasuka. Unasikia pa, ndani ya moto, na mwezi mzima wa kazi umekwenda. Mfinyanzi yeyote hapo angelaani. Cucu, nikimtazama, alikuwa anafumba macho na kutabasamu. Nikamuuliza mbona anafurahi. Akaniambia nikalete kuni.

Kupaka rangi kulikuwa kwangu. Nilikaa barazani pa ofisi, kwenye kreti ya kerosini, na vikopo vya rangi na tapentaini na brashi yenye nywele chache kuliko kope zangu. Bwana Kanyoni mwenyewe alinifundisha kuifuta brashi kwa kuizungusha, si kuikandamiza. Rangi ya buluu ilipokwisha nilimwonyesha kwamba ile buluu ya kufulia nguo, ukiikoroga na utomvu, inafaa kabisa, na yeye akapiga mluzi mrefu akaniita fundi. Alinipa biskuti. Nisije nikadanganya hapa: nilimpenda. Huyu huyu ambaye jana yake nilimwona amesimama na mikono nyuma wakati mahomgadi wanawachapa akina mama waliochelewa kwenye mtaro. Nilijaribu kuwafanya watu wawili tofauti ndani ya kichwa changu, mmoja wa barazani na mmoja wa mtaroni, lakini walikuwa na shingo moja iliyoungua.

Nyuso niliwapa za watu niliowajua. Sikuwa na nyuso nyingine. Na kwa kuwa wanaume walikuwa wachache kijijini, wengi wao wamefungwa au wamekimbia, mmoja alitoka Baba. Sikukusudia. Nilimkuna kidevuni kwa mwiba nikaona kovu la Baba, pale alipopigwa na kamba ya mbuzi akiwa kijana. Nikampaka rangi kwa uangalifu kuliko wengine, nikampanga mstari wa nyuma.

Jumamosi moja alikuja Mzungu mwingine wa kituo cha jirani, mnene, mwenye pipa la kicheko. Nilikuwa nikipeleka sinia la mwisho la askari. Niliwakuta wameinamia meza, mashati yamelowa jasho, na kila mmoja anatikisa vijidude vyeupe ndani ya kikombe, anavimwaga, anahesabu vitone, halafu anasogeza watu. Ninyi mnajua nilichokiona. Mganga wetu alikuwa na kibuyu chenye mbegu, akakitikisa, akamwaga, akahesabu, akakuambia nani atapona na nani hatapona. Nilikuwa nimewahi kupelekwa kwake kwa ugonjwa wa masikio. Na hapa Bwana Kanyoni anamwaga, anahesabu, kisha ananyoosha kidole chake chembamba na kumlaza chini askari wangu wa buluu. Anamwaga tena, anawalaza wengine watatu. Wekundu walikuwa wanapanda kuelekea ule mlima wa kilele cheupe, na wa buluu, waliokuwa ndani ya msitu wa kuvu, wanalala mmoja mmoja.

Nilitoka nikamkuta Ephantus akipiga chapa. Nikamuuliza wale wa buluu ni akina nani hasa.

Angeweza kuniambia ukweli, kwamba ni mchezo tu, ni watu waliokufa zamani huko kwao. Lakini Ephantus alikuwa Ephantus. "Wale?" akasema bila kuinua kichwa. "Wale ni maadui wa Bwana. Si unajua maadui wa Bwana wanaishi wapi? Wewe endelea kumtengenezea tu, atawamaliza." Akaendelea na chapa yake akijichekea.

Kesho yake ndege zilikuja. Mnazikumbuka zile za kutupa mabomu msituni, zinapita juu ya kanisa watu wakiwa kwenye wimbo, halafu mlima unakohoa, mara moja, mara ya pili. Watu waliendelea kuimba. Mama hakuimba. Mimi nilikuwa nahesabu kwa vidole waliolazwa jana.

Nilikuwa na umri ambao mtu anaelewa kila kitu isipokuwa jambo lenyewe. Nilielewa kwamba hakukuwa na maadui mpaka nilipoanza kuwafinyanga. Sanduku lilikuwa limepotea, vita vilikuwa vimesimama, nami kwa vidole vyangu hivi nikamletea Bwana Kanyoni watu wa kuua, mmoja wao ana kovu kidevuni. Sikumwambia Cucu, kwa sababu ningemwambia nini? Mambo ya udongo hayasemwi, si ndivyo alivyosema?

Jumatatu mchana Bwana Kanyoni alitoka na askari wake kwenda doria, na Ephantus alikwenda kula. Nilibeba sinia tupu ili mtu akiniona aseme huyo fundi anaenda kazini. Nthiga alinipungia mkono. Ndani nilifunga mlango. Nikamtafuta Baba kwanza, nikamkuta amesimama, hajalazwa, nikamtia ndani ya gauni. Wale wengine niliwashusha sakafuni kwenye saruji, nikawakanyaga. Walivunjika kwa urahisi, wakatoa mlio wa mayai. Sikulia. Nilikanyaga mpaka ikabaki unga na miiba. Wale wekundu wa risasi niliwaacha, kwa kuwa niliwajaribu wakaniumiza mguu.

Nilitegemea viboko. Kwa viboko nilikuwa nimejiandaa. Bwana Kanyoni aliporudi, Cucu akaitwa nami nikaburutwa nyuma yake, tukamkuta ameketi kwenye kiti mbele ya ile meza, kofia magotini, na macho yake mekundu. Hakupiga mluzi wala kelele. Alikuwa na sura ya mtoto aliyenyang'anywa kitu, na mimi, Mungu anisamehe, nilimwonea huruma.

"Nani navunja?" akauliza polepole.

Cucu alitazama ule unga. Akatazama miguu yangu. Halafu akasema kwa Kiembu, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, kwamba ni yeye: alikuja kupanga wapya, kizunguzungu cha uzee kikamshika, akaiegemea meza. Ephantus alitafsiri na mara hii hakucheka. Bwana Kanyoni alimtazama Cucu, akanitazama mimi. Sijui aliamini nini. Alichukua kile kibali akakichana vipande vinne.

"Hapana udongo tena," akasema. "Mama mzee nakwenda mtaro kama wengine."

Nilirudi nyumbani nimejaa ushindi na hofu, kwa sehemu sawa. Cucu alinishika kifundo cha mkono njia nzima, kwa nguvu. Alipomweleza Mama, hakunitaja. Alisema tu kibali kimechanwa. Mama alinitazama. Kabla ya siku hiyo alikuwa na tabia ya kunigusa kichwa kila anaponipita, hata kama mikono yake ina unga. Sikumbuki kama aligusa tena. Baba wa udongo nilimfunga kwa kitambaa nikamchomeka kwenye nyasi za paa juu ya kitanda changu, nikalala nikijua nimemwokoa.

Hazikupita wiki tatu. Asubuhi moja filimbi ilipigwa kila mtu atoke, twende uwanjani mbele ya kituo, tutazame. Mnajua tulivyokuwa tukitazamishwa. Mama alinigandamiza uso tumboni mwake, nikaona kitambaa cha leso na kwa chini miguu ya watu, na mbele kabisa miguu miwili iliyolala, myembamba, yenye matope. Ilikuwa marufuku kulia. Tumbo la Mama lilikuwa likitetemeka usoni pangu na hakuna sauti iliyotoka. Jioni kisimani rafiki yangu Gicuku akaniambia yule alikuwa Baba, amepigwa risasi alfajiri kwenye shamba la viazi kando ya mtaro, mdomo umejaa kiazi kibichi.

Nilikimbia nyumbani nikapanda kitandani nikamfungua kwenye kitambaa. Alikuwa mzima. Kofia, miiba, kovu, hana hata ufa. Basi Gicuku ni mwongo, nikasema. Sikuona uso mimi, niliona miguu, na miguu ya watu wote ikikonda inafanana. Nikamrudisha paani. Watu waliponionea huruma niliwaonea huruma wao. Hata kijiji kilipovunjwa, nyumba zikachomwa na Baba wa udongo akapotelea humo, sikutikisika sana, kwa kuwa vita vilikuwa vimekwisha. Na uhuru ulipokaribia, wale wa msituni walipotoka na nywele zao ndefu wakipita barabarani Runyenjes, nilikwenda siku nne mfululizo kusimama kando ya barabara, msichana mkubwa sasa, natazama videvu. Mama alijua ninakokwenda. Hakunizuia, hakunifuata. Siku ya nne niliporudi alisema tu, "Chakula kiko kwenye sufuria."

Nilisoma, nikawa mwalimu, nikaolewa, nikazaa. Baba nilikubali amekufa, polepole, kama unavyokubali deni la mtu mwingine. Lakini kwa nini alitoka msituni kuja kula kiazi kibichi chini ya bunduki, hilo sikulielewa, na niliyemwuliza alijibu njaa, kana kwamba njaa haina sababu. Mama aliishi nami vizuri. Alinilipia shule kwa kahawa aliyoibeba mgongoni, aliwalea wanangu, hakuwahi kunitukana. Nilidhani ni mtu baridi, wapo watu wa namna hiyo. Cucu alikufa bila kugusa udongo tena.

Siku ambayo nilielewa tulikuwa tumekaa nje kwake, tunapukuchua mbaazi. Mama alikuwa mzee kuliko nilivyo mimi sasa. Alianza mwenyewe, bila kuulizwa, macho yake kwenye ungo.

"Ule udongo haukuwa ukila kitu," akasema.

Nikamwambia sikumwelewa.

"Ni Baba yako aliyekuwa akila. Yeye na wenzake wanne. Hakuna mahali pengine ambapo homgadi hangeingia. Cucu wako alipoambiwa afinyange askari, alimwona Mungu. Baba yako alikuwa anaingia shimoni, mwanamume, anachukua chakula. Ndiyo maana vyungu vikipasuka Cucu alikuwa anashukuru. Alijua mwanawe amefika, yuko hai."

Mikono yangu ilikuwa imesimama. Yake ilikuwa inaendelea.

"Kibali kilipochanwa Baba yako alirudi pale shimoni akakuta hakuna kitu. Akarudi tena. Mpaka akaja mwenyewe kwenye mtaro."

"Ni mimi niliyewavunja, Mama," nikasema. Nilikuwa na miaka zaidi ya arobaini na sauti ilitoka ya mtoto.

"Tulijua siku ile ile. Nyayo zako zilikuwa buluu."

"Mbona hamkunipiga?"

"Ungelia. Na ukilia wangeuliza unalilia nini." Akapuliza maganda kwenye ungo. "Cucu alikusamehe pale pale. Mwana alikuwa wake, na alikusamehe kabla ya kufika nyumbani. Mimi sikuweza. Nimekulisha nimekukasirikia, nimekusomesha nimekukasirikia, nimekuoza nimekukasirikia. Ulikuwa mtoto, najua. Hata wakati ule nilijua. Ilikuwa haisaidii."

Nilitaka kumweleza. Nilitaka kumwambia kuhusu kikombe na vitone, kuhusu Ephantus, kwamba nilifanya vile kwa ajili ya mume wake. Kila neno nililolishika lilikuwa linasikika kama udhuru. Nikamwuliza kwa nini ananiambia leo.

"Nimechoka," akasema. "Ni kazi, kumkasirikia mtu miaka yote hii. Nimezeeka, siiwezi tena."

Nilingoja aongeze jambo. Alijikongoja akainuka, akakung'uta leso, akanisogezea ungo wake uliokuwa na mbaazi nusu. "Malizia hizi," akasema, "mimi nikajinyooshe kidogo." Alipopita nyuma ya kiti changu alisimama, nikasikia pumzi yake juu yangu, halafu akaingia ndani. Nilizipukuchua zote mpaka jua likazama, hata zile zilizotobolewa na wadudu.